Upupu Katika Jezi ya Idrisa

Harufu ya dawa ya kuchua, ile kali inayochoma pua na kutoa machozi, huniingia mwilini kabla sijajua inatoka wapi. Mimi ni muuguzi hapa Kilindoni, kisiwani Mafia, na jioni za Jumamosi hatukosi kijana mmoja aliyebebwa kutoka kiwanjani, kifundo kimemvimba kama papai, wenzake wamemkanda dawa hiyo mpaka mguu unang'aa. Nampokea, namwuliza jina, namwuliza kaumiaje. Karibu wote hunijibu neno moja: wamenivunja. Nikilisikia neno hilo narudi kuwa na miaka kumi na mmoja, Kirongwe, nimekaa kwenye nyasi nimepakata kandambili za kaka yangu Bakari.

Bakari alikuwa kiungo. Nyumbani tulizaliwa saba, lakini ungemwuliza baba ana watoto wangapi angekujibu kwa kukuelezea Bakari anavyopiga pasi. Alikuwa chuo cha ualimu, bara, yeye pamoja na jirani yetu Idrisa, mtoto wa pekee wa Bi Tatu. Walikwenda shule pamoja tangu darasa la kwanza, wakafaulu pamoja, wakapangiwa chuo kimoja. Huko chuoni, kwenye mashindano ya vyuo, akawaona kocha mmoja wa timu ya Ligi Kuu. Akawapenda wote wawili. Ila nafasi ilikuwa ya kiungo mmoja tu. Bahati ikawa kwamba mke wa kocha huyo ni mtu wa Kilindoni, na likizo ile kocha alikuwa anakuja kwa wakwe zake. Akawaambia, basi nitawatazama huko huko kwenu, mcheze mechi moja mbele yangu, nichague.

Habari hiyo ilifika Kirongwe kabla yao. Mama alianza kumpikia Bakari supu ya pweza kila asubuhi. Bi Tatu naye, upande wa pili wa ua wa makuti, akawa anampikia Idrisa supu ya pweza. Mimi nilikuwa nikiingia nyumba zote mbili, na niwaambie ukweli, supu ya Bi Tatu ilikuwa tamu zaidi.

Wiki mbili kabla ya kocha kufika, vijana walicheza mazoezi kwenye kiwanja chetu, wamegawana pande mbili. Bakari upande huu, Idrisa upande ule. Mpira ulidunda katikati yao, vumbi likatimka, nikasikia mlio kama wa kuti kavu linapokanyagwa. Vumbi lilipotua Idrisa alikuwa amesimama na Bakari yuko chini, muundi wake umepinda mahali ambapo mguu haupindi. Nilichokiona ni mguu wa Idrisa juu ya mguu wa kaka yangu. Mtoto wa umri ule akishaona kwa macho yake haoni haja ya kuuliza tena.

Idrisa ndiye aliyembeba hadi kwenye gari la nazi lililompeleka hospitali. Alikuwa analia. Mimi nikasema moyoni, mnafiki huyo, analilia nini na nafasi keshaipata?

Bakari alirudi na muhogo wa plasta mguuni, akalazwa kitanda cha chumba cha mbele. Nilikaa naye mchana kutwa nikimpepea nzi. Siku ya pili nilimwuliza, "Kaka, ni Idrisa kakuvunja kusudi?"

Akageuza uso ukutani. "We acha tu, Mwanaisha," akasema.

Hakusema ndiyo, hakusema siyo. Nikalichukua lile acha tu nikalifanya ushahidi, hakimu na hukumu.

Kila jioni Idrisa alikuja na dafu la kumpa mgonjwa, na kila jioni Bakari alijifanya amelala. Mimi nilikuwa nampokelea dafu kwa adabu, shikamoo kaka Idrisa, ahsante kaka Idrisa, akishatoka nalimwaga kwenye shina la mpapai. Niliandika jina lake mchangani nikalikanyaga mpaka kisigino kikauma. Baada ya kila sala nilimwomba Mungu amvunje miguu yote miwili. Siku zikapita, nikawa namwona Idrisa anakimbia asubuhi barabarani, mzima, miguu imemjaa nguvu, nikaona Mungu ana shughuli nyingi na kwamba ingekuwa vyema nimsaidie.

Kwetu upupu hupanda kwenye vichaka vya mpakani mwa mashamba ya mikorosho. Maganda yake yana manyoya ya rangi ya dhahabu, mazuri kuyatazama kama kitambaa cha bi harusi, na watoto wote tulijua kuwa ukiyagusa utajikuna hadi ulie. Nilikwenda adhuhuri wakati upepo umetulia. Nikaangua maganda manne kwa kijiti, nikayakwangulia kwenye kopo tupu la maziwa ya unga, nikafunika. Manyoya machache yaliniruka yakanipata kiganjani. Bibi, mama yake baba, alinikuta uani nikijisugua kwenye gogo la mnazi. Alinishika mkono, akautazama, akanipaka majivu ya jikoni polepole huku ametazama pembeni, wala hakuniuliza nilikuwa wapi. Alisema tu, kama mtu anayezungumza na majivu, "Mwenye kovu usidhani kapoa." Nilidhani ananisifu.

Siku ya mechi, asubuhi, nilikwenda kwa Bi Tatu kama kawaida. Alikuwa amepiga pasi ya mkaa jezi ya mwanawe, nambari nane, pamoja na kaptula, akazikunja juu ya mkeka kama nguo za Idi. Sufuria ya wali ilikuwa jikoni. Akaniambia, "Mwanangu, niangalizie wali nikateke maji, Idrisa ale kabla ya gari," akachukua ndoo yake akaenda. Alinipa nyumba yake yote, na mimi nilikuwa na kopo chini ya khanga.

Nilikung'uta upupu ndani ya ukosi, kwenye makwapa, na ndani ya kaptula. Nilikuwa na utulivu ambao sijawahi kuupata tena, hata leo ninapomchoma mtoto mchanga sindano. Nilikunja kila kitu kama nilivyokikuta. Wali ukaungua kidogo.

Tulikwenda Kilindoni juu ya gari la nazi, kijiji kizima tukiimba. Idrisa alivaa jezi pale pale uwanjani, sekunde ya mwisho, kwa sababu Bi Tatu hakutaka aikunjekunje njiani. Alianza vizuri, nami nikaingiwa na hofu kuwa upupu wangu ulikuwa wa zamani. Alipiga pasi mbili ambazo hata mimi niliyekuwa namchukia nilizitambua. Nilimwona kocha, mtu mnene aliyekaa kiti cha plastiki katikati ya mashemeji zake, anainama mbele. Kisha jasho likaanza kumtoka Idrisa.

Kwanza alijikuna shingo. Halafu kwapa. Halafu akasimama katikati ya kiwanja anajikuna kwa mikono miwili, mpira unampita. Watu wakadhani anacheza ngoma, wakaanza kumpigia makofi. Nilicheka pamoja nao, na katika yote niliyoyafanya siku ile, kicheko hicho ndicho ninachokikumbuka kwa sauti kamili. Akavua jezi na, kwa vile jasho lilikuwa linamwingia machoni, akajifuta uso nayo.

Mlio alioutoa haukuwa wa mtu mzima. Bi Tatu alikatisha kiwanja mbio, akamshika mkono, akamwongoza nje kama anavyoongozwa kipofu, na mtu akaleta maji wakammwagia usoni. Leo najua machoni kulitakiwa nini na ngozini nini. Siku ile nilijua tu kwamba kisasi kimetimia.

Jicho la kulia lilipona. La kushoto halikurudi sawa.

Kocha alisubiri siku tatu, akaona macho yale, akatikisa kichwa. Kabla ya kuondoka akapita nyumbani kwetu, akamkuta Bakari na plasta yake, akamwambia mguu ukiunga aje. Mguu ukaunga. Bakari akamaliza chuo akiwa anachechemea kidogo, akaenda Dar es Salaam, akachezea kikosi cha pili mwaka mzima, akikaa benchi, akilala chumba kimoja na wachezaji wanne. Mwaka uliofuata kiungo wao akaumia, wakamwingiza, hakutoka tena. Tulikuwa tunajazana kibanda cha video cha Kirongwe kumtazama, baba amekaa mbele kabisa, na mtangazaji akitaja jina lake baba hugeuka nyuma kuhakikisha sote tumesikia. Misimu minane alicheza Ligi Kuu. Mimi katika kila bao lake nilikuwa najihesabia fungu langu. Nilijiona mimi ndiye niliyemfungulia njia.

Idrisa naye alimaliza chuo, akarudi Kirongwe kufundisha. Alinifundisha darasa la sita na la saba. Alishika kitabu akiwa amekigeuzia upande wa kulia wa uso, na kila siku aliponipa daftari aliniita kwa jina zima, Mwanaisha binti Shomari, kwa upole ambao hakumpa mwanafunzi mwingine. Shule nzima ilichapwa: wachelewaji, wapiga kelele, waliosahau kufagia. Mimi hakunichapa hata siku moja. Nilichelewa makusudi nione. Akaniambia, "Pita ukae." Wenzangu walisema napendelewa. Mimi nilisema moyoni huyu ananiogopa, au ni mjinga hajui, na nikawa namdharau. Lakini usingizi wangu wa miaka ile haukuwa mzuri, na sikujua kwa nini.

Miaka mitatu iliyopita tulikuwa Dar es Salaam kwenye arusi ya mdogo wetu. Bakari ameshastaafu mpira, amenenepa, ana duka lake la vifaa vya ujenzi. Baada ya kula alikuwa anawasimulia wachezaji wenzake wa zamani jinsi alivyovunjika mguu. Nilikuwa napita na sinia la vikombe.

"Nilimfuata mimi," alisema, anacheka. "Nilitaka nimvunje yeye, nibaki peke yangu. Nikakosea hatua, Mungu akanivunja mimi."

Wote wakacheka. Sinia halikuniponyoka. Nililifikisha jikoni, nikaosha vikombe vyote, vya kwetu na vya watu.

Niliporudi Mafia nilipanda gari kwenda Kirongwe. Idrisa alikuwa barazani kwake anasahihisha daftari, miwani imekaa upande. Bi Tatu alishafariki. Nikamsalimu, "Shikamoo mwalimu," akaitika marahaba, akanionyesha kiti. Sikukaa. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: kopo, ukosi, kaptula, na maneno ya Bakari kule arusini. Aliendelea kushika kalamu yake nyekundu.

"Upupu najua," akasema. "Mama alikwambia uangalie wali, ukaungua. Wewe hujawahi kuunguza wali kwetu. Tuliongea jioni ile ile, mimi na yeye."

Nikamwuliza kwa nini hawakusema.

"Tungesema, baba yako angekuchapa bakora kumi. Ungelia, ungelala, asubuhi umesahau." Akavua miwani akaifuta kwa shati. "Sikutaka usahau. Ndiyo maana hata darasani sikukugusa. Fimbo ingekupunguzia."

Nilisimama pale mtu mzima, muuguzi, mama wa watoto wawili, nikaielewa ile miaka miwili ya Mwanaisha binti Shomari. Yule niliyemwona mjinga alikuwa ananilipa, kidogo kidogo, kwa upole, na malipo yalikuwa yamenifika bila mimi kujua jina lake.

"Umenisamehe?" nikauliza.

Alifikiri. Hakuharakisha, na namshukuru kwa hilo. "Bado," akasema. "Kaa unywe chai."

Nikakaa. Chai ilikuwa na tangawizi nyingi. Alinitajia watoto wake, akaniuliza juu ya mtoto wa jirani anayeumwa kifua. Nilipoaga ndipo aliposema neno jingine, amegeuzia daftari upande wa jicho zima. "Wewe ulikuwa mtoto. Mwenzako alikuwa na miaka ishirini na moja, na alijua."

Nililitafuna neno hilo njia nzima. Nilikuwa nimeamini miaka yote kwamba chuki ile ilikuwa yangu, nimeilea mwenyewe kwa maombi na kisigino. Kumbe aliyekuwa kitandani, uso umegeukia ukuta, angeweza kuizima kwa neno moja, akanitazama natoka na kopo la maziwa na kurudi na kiganja chenye majivu, akanyamaza. Alimwacha mtoto aende.

Jioni ile ile nikampigia simu. Nilimwambia ninachokijua. Akacheka kidogo, akasema hayo mambo ya utoto, dada, yashapita. Nikamjibu kwamba yangu yalikuwa ya utoto, yake hayakuwa. Nikamwambia tena kwamba akija Mafia asifikie kwangu kabla hajakwenda Kirongwe, akakaa barazani kwa Idrisa, akasema yale yale aliyoyasema arusini, bila kucheka. Akasema atafikiri.

Chumba alichozoea kulala nimekijaza magunia ya mbata. Idi sita zimepita. Kila Idi hupiga simu kuuliza kama kuna nafasi, nami humwambia, kwa upole niliofundishwa, kwamba bado.