Tembe za TB zilinichoma miguu, mama akaamini nimemuuza kaka yangu

Wakuu, heshima kwenu. Haya yalinipata mimi mwenyewe, sijatia chumvi. Ni mzee, naandika kwa kidole kimoja, kwa hivyo msinikimbize.

Ilikuwa wakati wa Emergency, mkoloni akiwasaka wapiganaji wa msituni, huku kwetu Kanja, Embu. Tulirundikwa kwenye kijiji kilichozungushiwa mtaro, homeguard, askari weusi wa mkoloni, wakilinda mlangoni.

Kaka yangu Njeru alikuwa msituni. Alipojificha tulipajua mimi na mama tu. Na sote tulikuwa tumekula kiapo: ukitoboa siri, kiapo kinakula.

Nikaanza kukohoa damu. TB. Nikapewa pass ya kutoka kijijini, nikalazwa hospitali ya misheni miezi kadhaa, sindano na tembe kila siku. Kifua kilipona, dawa siitukani.

Shida ikawa miguu. Vidole vilichoma kama nimesimama kwenye jivu la moto, halafu vikafa ganzi. Nilirudi nyumbani na tembe zangu, na siku moja nikakanyaga kaa la moto jikoni. Sikujua mpaka mama aliposikia harufu.

Sasa oneni balaa. Wiki hiyohiyo Njeru akashikwa palepale mafichoni.

Mama aliangalia mguu wangu, akaniangalia usoni. "Nyaga, uliwaambia nini kule hospitali?"

"Sikusema kitu, mama."

"Basi mbona kiapo kinakula miguu yako?"

Hata mimi niliogopa. Labda nilipayuka nikiwa na homa, nani ajuaye?

Njeru hakurudi. Mama aliendelea kunipikia, lakini hakuniita mwanangu tena mpaka anaingia kaburini.

Tembe zilipoisha, ule moto ulipungua. Ganzi ipo hadi leo. Ndala hunitoka njiani na sijui, majirani ndio hunirudishia wakicheka.

Juzi juzi binti yangu mkubwa naye akapata TB. Kwa desturi yetu ana jina la mama yangu, kwa hivyo namwita Mama, na yeye kwa utani huniita mwanangu.

Nikamwona akimeza tembe, kando kuna kengine kadogo. Nikauliza ni ya nini.

"Vitamin B6, Baba. Nurse amesema hizi za TB zinaweza kuharibu neva. Miguu inawaka, halafu inakufa ganzi."

Wacha! Nilikaa chini. Miaka yote hiyo, kumbe ni side effect!

Nikamwambia, "Mama, mimi sikusema kitu kuhusu Njeru."

Story hiyo hakuwa akiijua. Aliweka glasi ya maji mezani, akanitazama.

"Najua, mwanangu."

Nililia, wakuu. Mzee mzima na ndevu zangu.

Nilichojifunza: miguu ikianza kuchoma ukiwa kwenye dawa, mwambie daktari mapema. Usiache tembe kivyako, na usitafute mwenye makosa nyumbani kwako kabla hujauliza hospitali.

Kama kuna mwenye mzazi aliyekufa akimdhania vibaya, aandike hapa chini. Nitawasoma wote, hata kama ni polepole.