Basuni ya Jirani Yangu wa Bendi

Baada ya Mapinduzi bendi ya serikali iliundwa upya. Mimi, mpiga klarineti, nilirudishwa kazini. Mgoa mmoja mzee, aliyekaa pembeni yangu miaka yote akipiga basuni, hakurudishwa. Mkuu mpya alinikabidhi ala yake, bomba refu la mbao lenye sauti nzito, akasema, "Hii sasa yako."

Sikuiomba. Nilijiambia maneno hayo kila nilipoibeba.

Basuni haina mzaha. Nilipuliza wiki nzima ikilia kama mbuzi mwenye homa. Mwisho nikaitia kwenye gunia nikaenda nyumbani kwake, Shangani. Nilimkuta anafunga mizigo, yeye na mkewe wanahamia Mombasa kwa binti yao. Aliliangalia gunia, akajua.

"Nnakuja kukuomba unifundishe," nilisema. "Ukikataa, nairudisha."

"Ukiirudisha wataitupa stoo. Kaa."

Kila alasiri alinifundisha, katikati ya makasha. Alinionyesha namna ya kukwangua kilimi cha tete mpaka kitetemeke vizuri mdomoni. Lakini yeye mwenyewe hakuipuliza hata mara moja. Alichezesha vidole vyake hewani, nami nikavifuata kwenye matundu; sauti ya chini kabisa tu ndiyo iliyonishinda. Mkewe alikuwa akiniletea chai, akiweka kikombe bila ya kunitazama.

Siku ya mwisho mzee alifungua kopo la vilimi alivyovichonga mwenyewe, akaanza kunichagulia vilivyo bora.

"Mpe vyote," mkewe alisema kutoka mlangoni. "Sisi tutavipulizia wapi?"

Hakusema kwa ukali. Nilipokea kopo kwa mikono miwili, nikainama.

Sherehe iliyofuata nilipiga vizuri. Wenzangu walinipongeza, mkuu akanishika bega. Nilicheka nao, na usiku ule nikalala bila ya kula.

Miaka ya sabini ilipoanza, msafiri mmoja kutoka Mombasa alinitafuta. Mzee sasa alikuwa mlinda mlango wa sinema huko, akamtuma aniulize kama nimeshaiweza ile sauti ya chini kabisa.

"Nimjibu nini?" msafiri aliuliza.

Nilikuwa nshaiweza zamani, tena kuliko mzee mwenyewe.

"Mwambie bado inanisumbua," nikasema.