Bomba la Moshi la Ibaba

Kisa hiki sikusimuliwa na mtu. Mikono iliyolishika lile bomba ni hii hii ninayoandikia.

Niliishia darasa la tano, na tangu hapo sijakaa mahali pamoja. Asubuhi hiyo niliondoka Mlowo bila kujua naenda wapi. Nikapata lifti ya lori, likaniacha njiani, nikaanza kupanda milima ya Ileje kwa miguu, kwa sababu tu sikuwahi kuona kilicho upande wa pili.

Nilifika Ibaba mchana, ukungu umeshuka hadi kwenye mapaa. Katika ua mmoja nikasikia chuma kinagongwa. Pikapu kuukuu ilikuwa imekalishwa juu ya magogo, haina magurudumu, na chini yake imetokeza miguu miwili yenye soksi nyeupe, bila viatu. Mimi siwezi kupita kazi ya mtu bila kuchungulia. Nikainama.

"Shikamoo."

"Shika hapa," sauti ikajibu.

Nikacheka. Wewe usingecheka? Nikaingia chini kwa mgongo. Sailensa ilikuwa katikati yetu, nikawa naona mikono yake tu. Bomba la moshi lilikuwa limeliwa na kutu mpaka likawa kama chujio. Nati zilizoganda tukazilowesha kwa mafuta ya taa. Zilizokataa tukazikata kwa msumeno.

"Ufundi umesomea wapi?" akaniuliza.

"Sijasomea, kaka. Darasa la tano tu."

"Afadhali. Msomi angeuliza maswali."

Akasogeza bomba jipya, nikalibeba kifuani, yeye akawa anakaza. Hata leo sielewi kwa nini sikushangaa kwamba zile soksi hazikuwa na tope, na mimi nilikuwa nimelowa mgongo mzima.

"Wewe nani, chini ya gari la mume wangu?"

Nikajivuta nje. Alikuwa mama mmoja, jembe begani.

"Namsaidia fundi, mama."

"Fundi yupi?"

Nikainama kumwonyesha. Niamini, pale chini palikuwa na vipande vya kutu na alama ya mgongo mmoja. Wangu.

"Ulimwamkia?"

"Nilimwamkia."

"Akaitikia marahaba?"

"Hapana. Alisema shika hapa."

Mama akakaa chini palepale kwenye tope. Huo, akaniambia, ulikuwa utani wa marehemu mume wake kwa kila aliyemwamkia. Alikutwa amekufa ndani ya pikapu hiyo, barabarani, baridi kali, vioo vimefungwa na injini inaunguruma. Watu wakasema karogwa. Wakatafuta mchawi, na hakuna aliyetazama chini ya gari.

Nikaokota kipande cha bomba la zamani, nikakiinua kwenye mwanga. Kilikuwa na matundu kila mahali; moshi ulikuwa unapandia ndani ya gari. Mama akakipokea, akapitisha kidole kwenye matundu.

"Jipya alinunua mwenyewe," akasema. "Kila siku anasema, kesho nitalifunga. Liko stoo."

Ufunguo alikuwa ameufunga kwenye pindo la kanga. Tukaenda. Kufuli lilikuwa limefungwa, lina utando wa buibui. Ndani tulikuta gunia lililokuwa limefunika bomba. Bomba halikuwemo.

Sasa sikia kilichonichanganya zaidi. Kesho yake shemeji wa mama alikuwa anakuja kurudisha magurudumu ya pikapu, ampeleke mama na wanawe watatu kuhamia Itumba. Wangepanda gari lile lile, kwa baridi ile ile, vioo juu.

"Utapanda na sisi," mama akaniambia. "Kama bomba limefungwa na wewe au na nani, sijui. Utapanda."

Nikalala jikoni kwao, asubuhi nikapanda. Tulishusha vioo vyote. Watoto walitetemeka na kupiga chafya njia nzima, shemeji akitununia, mama ameshika mlango tayari kuufungua. Tuliteremka Itumba wote wazima. Hakuna aliyesikia harufu ya moshi.

Nilipata chumba gesti nikafungua dirisha kabla ya kuweka mfuko chini. Tangu siku hiyo silali popote dirisha likiwa limefungwa, na wenye nyumba wananigombeza. Nani alikaza zile nati? Sijui. Nimechoka kujiuliza.

Lakini wewe mwenye gari kuukuu, ukisikia moshi ndani, lala chini leo hii ulitazame bomba. Usitegemee kwamba utapewa ruhusa ya kurudi kulifunga.