Wageni wa Mwisho wa Hoteli ya Chuoni

Hoteli ilitangulia, chuo kikaja baadaye. Wengi waliosoma pale hawalijui hilo. Wanadhani chuo ndicho kilichoijenga ili maprofesa wageni wapate pa kulala. La. Ilijengwa na mfanyabiashara mmoja aliyetaka watu wa mjini wapande kilimani kupunga hewa. Alipofilisika, serikali ikakichukua kilima chote na kukipa chuo ambacho wakati huo hakikuwa na hata ubao wa kuandikia. Wanafunzi wa kwanza walisomea kwenye ukumbi wa kulia chakula, wakalala vyumba vya ghorofani wanne wanne, na mitihani wakaifanyia barazani, mpishi akikatazwa kukaanga vitunguu mpaka muda uishe.

Shangazi yangu aliingia mle akiwa msichana wa kufua nguo, akatoka mzee. Jina lake halikutumiwa na mtu. Wote walimwita Bi Nyoosha, maana hilo ndilo lilikuwa neno lake: nyoosha shuka, nyoosha kola, nyoosha mgongo wewe, umekuja kazini au umekuja kuugua? Alipanda cheo mpaka akawa msimamizi wa vyumba. Hata mkuu wa chuo akipita mapokezi alijikuta anavuta koti lake likae vizuri.

Mumewe alikuwa mpishi palepale. Hawakujaliwa watoto, na alipofariki, shangazi alibaki kwenye chumba chao nyuma ya banda la dobi, chenye dirisha linalotazama kamba za kuanikia. Hakuwa na nyumba nyingine duniani. Mimi ni mtoto wa kaka yake. Nilikuwa napeleka mikate hotelini kila asubuhi, na chai yangu niliinywa chumbani humo. Mara ngapi nilimwambia aje akae kwangu!

"Kwako nitakuwa mgeni, baba," alinijibu. Aliniita baba kwa kuwa nimerithi jina la baba yake. "Mimi sijui kuwa mgeni. Najua kupokea tu."

Kisha chuo kikatangaza kuwa hoteli imechakaa, kinataka kuibomoa kijenge bweni la ghorofa nyingi. Walimu kadhaa wakapinga, wakaita kamati ya serikali inayoshughulikia majengo ya kale. Kamati ikikubali kuwa jengo ni la kihistoria, hakuna atakayeligusa. Ikikataa, tingatinga linapanda kilimani. Meneja, kijana aliyehamishiwa pale juzijuzi, aliwakusanya wafanyakazi akawaambia kwa kifupi kwamba wiki ijayo wanakuja wageni wa kamati, na hao ndio watakaosema hoteli ibaki au iondoke. Hakufafanua zaidi. Nadhani naye hakujua zaidi.

Shangazi alikuwa amefundishwa tangu ujana kwamba hoteli haifi ikiwa mgeni ameridhika, na kwamba mgeni haonyeshwi kitu kilichochakaa. Pazia likipauka linageuzwa. Shuka likilika katikati linapasuliwa na kushonwa upya ili pembeni pawe katikati. Sahani yenye ufa inaishia kwa wafanyakazi. Hiyo ndiyo ilikuwa dini ya pale. Basi akafunga kibwebwe.

Wiki ile hakukuwa na chai. Kila nilipofika na mikate niliwakuta watu wako juu ya ngazi na ndoo, shangazi chini anaamrisha. Kaunta ya mapokezi, iliyokuwa na madoa ya wino ya tangu enzi za kalamu za kuchovya, ilipigwa msasa na kupakwa vanishi. Vitasa vya shaba viling'olewa, vikawekwa vipya vinavyong'aa. Na ukuta wa ngazi ya nyuma, ule ambao wanafunzi wa kwanza waliandika majina yao kwa misumari na penseli siku walipomaliza masomo, ulipigwa plasta na kupakwa rangi nyeupe. Meneja wa zamani, Mungu amrehemu, alikuwa amekataza usiguswe. Alizoea kusimama pale akisoma jina mojamoja na kucheka peke yake. Shangazi aliuona uchafu tu, na safari hii hakukuwa na wa kumkataza.

Rangi ilitoka ofisi ya majengo ya chuo. Ofisi ile ina mkono wa birika. Ukiomba balbu unangoja mpaka unasahau kama uliomba. Lakini rangi, plasta, vanishi na mafundi wake vilifika kesho yake asubuhi. Nina shaka zangu. Sina ushahidi, kwa hiyo nazimeza, ila hazishuki.

Kamati ilikuja watu watatu, mkuu wao mama mpole mwenye miwani. Shangazi aliwapokea mlangoni, sare imepigwa pasi mpaka inataka kusimama yenyewe. Mimi nilikuwa nyuma yake na trei ya mikate ya moto.

"Karibuni sana, karibuni. Jisikieni mko nyumbani."

Yule mama akagusa kaunta. "Hii ni mpya?"

"Ya zamani hiyo, mama! Lakini huwezi kujua, eh?" Shangazi alicheka kwa furaha. "Tumeipiga msasa yote."

Wakatazama vitasa, wakatazama sakafu. Walipofika ngazi ya nyuma wakasimama.

"Tuliambiwa kuna ukuta wenye majina."

"Ulikuwepo. Msiwe na wasiwasi, tumeshaushughulikia. Ilikuwa aibu, mtu mzima na akili zake anaandika ukutani."

Kijana mmoja wa kamati alipitisha kiganja juu ya rangi, akamuuliza fundi aliyekuwa karibu kama inaweza kubanduliwa. Fundi akatikisa kichwa. Walikwangua ukuta kwanza ili plasta ishike, alisema. Chini yake hakuna kitu.

Yule mama akavua miwani. "Mama yangu, nani aliwaambia mfanye hivi?"

"Hatukuambiwa na mtu. Si ndiyo kazi yetu? Mgeni akija..." Akaishia hapo. Nilimwona akianza kuelewa, na sitaki kuona tena uso wa mtu ukifanya vile. "Kwa hiyo tungeiacha vilevile? Na uchafu wake?"

"Ndiyo, mama. Vilevile."

Alisema kwa huruma, na huruma ile iliniudhi kuliko matusi. Huruma ya nini sasa? Mtu mmoja tu angepita mlango wa nyuma wiki moja kabla, akasema jamani msiguse kitu, ingetosha. Walimu wale waliandika magazetini, walifanya mikutano, wakasahau kwamba ndani ya jengo lao la kihistoria kuna watu wanaolifagia.

Kamati ikasema jengo limepoteza sura yake ya asili. Wafanyakazi walihamishiwa mabwenini, shangazi akastaafishwa. Hakuna mwenzake aliyemlaumu usoni. Walianza tu kumsalimia kwa adabu nyingi mno, na hilo lilimmaliza. Nilimhamisha kwa gari la mikate. Kwangu aliamka kabla ya wote, akakaa ukingoni mwa kitanda, mikono mapajani, akingoja aambiwe cha kufanya. Mke wangu alijaribu kumpa nguo za kukunja. Alizikunja, akarudi kukaa.

Siku ya kubomoa alitaka nimpeleke. Nilimsihi tusiende, akavaa viatu. Tukasimama nje ya uzio pamoja na wanafunzi waliokuwa wanapiga picha kwa simu. Tingatinga lilianzia nyuma, banda la dobi likaanguka kwanza, na chumba chake nacho. Vumbi lilipotulia aliniuliza lile swali alilokuwa ameshaniuliza mara nyingi.

"Wangeivunja tu, siyo baba? Hata tusingegusa kitu?"

"Wangeivunja tu, shangazi. Walishaamua zamani."

Akanisafisha vumbi begani kwa ncha ya kanga yake.

"Kila nikikuuliza," alisema, "unanijibu huku unatazama viatu vyako."

Hakuniuliza tena.