Lutengano, Njoo Umbebe Mtoto wa Neema

Nilikuwa nimefunikwa mablanketi mawili, sufuria ya majani ya mlingoti inatoa mvuke kati ya magoti yangu, na pumzi haiingii. Nikasukuma blanketi. Mkono wa shemeji ukanirudisha ndani. "Vumilia, mama Neema, ugonjwa unatoka." Uliokuwa unatoka ni uhai. Nikaanguka, maji yakaniunguza paja. Kovu ninalo, asiyeamini aje nimwonyeshe.

Mimi ni mkulima wa mpunga Madibira. Shule niliishia darasa la nne. Kabla ya korona niliweza kuinama kutwa nikipandikiza miche, jioni nikaenda kwaya. Mume wangu alishafariki, na kaka yake, Lutengano wa Mlandege, ndiye aliyejipa kazi ya kuamua mambo yetu. Nilianza kuumwa nikiwa na Neema kwake Iringa mjini. Homa, mwili kama nimetwangwa, hata dagaa sisikii harufu. Kisha kifua kikabana. Nikasema, nipelekeni hospitali. Lutengano akasema, "Huko wanaingia kwa miguu, wanatoka kwa sanduku. Hapa ni kujifukiza nyungu tu."

Nilipoanguka, binti yangu Neema ndiye aliyeniburuta nje akasimamisha bajaji. Hospitali wakaniwekea oksijeni. Nilijisaidia kitandani kama kichanga. Daktari akatazama paja langu. "Mama, mvuke hauui korona. Umeungua bure."

Nilipoweza kutembea bila kushika ukuta, chanjo ilikuwa imefika. Neema alikuwa ametimiza miaka kumi na minane, tena ana pumu. Nikampeleka mwenyewe. Nesi hakutuficha. "Mkono utauma, homa inaweza kuja. Mara chache sana, hasa kwa vijana, moyo husumbuka. Kifua kikiuma, rudini haraka."

"Hataugua korona kabisa?"

"Anaweza kuugua, mama. Ila chanjo inampunguzia sana hatari ya kuugua vibaya."

Jioni homa ikampanda. Kesho yake akala ugali, akaomba nyongeza.

Wakati huo washenga walikuwa wameshaleta jembe la posa. Lutengano akaja Madibira, akasimama kwenye sala ya jumuiya iliyokuwa kwangu, washenga wamekaa pale pale. "Mwanangu huyu amedungwa. Kizazi kimefungwa. Msije mkasema sikuwaambia." Washenga wakalichukua jembe lao. Akina mama wakawaficha mabinti zao wasichanjwe. Neema wangu akaitwa mti mkavu, kisimani, mbele ya watu.

Korona ikarudi nyumbani kwetu. Neema akakohoa, akapuliza dawa yake ya pumu, akalala siku chache, akaamka. Oksijeni hakuihitaji.

Baadaye fundi mmoja wa Mbeya akaleta jembe lake bila kuogopa maneno. Leo Neema ana dume la mtoto, linanyonya kama linadai.

Lutengano alikuja kumtazama mtoto. Akanywa uji wangu, akasema, "Mungu mkubwa, shemeji."

"Mungu namjua. Nakuuliza wewe: na ile kauli yako ya kizazi?"

Akacheka. "Aa, yale yameshapita."

Hayajapita. Namshukuru Mungu, na yule nesi aliyetuambia ukweli wote, mtamu na mchungu. Wenye watoto wanaokua, kamuulizeni nesi, msimuulize shemeji. Anayekosa pumzi msimfunike blanketi, mpelekeni hospitali.

Na wewe Lutengano, jumuiya inasali kwangu Jumamosi hii. Njoo. Simama pale pale uliposimama, mbele ya akina mama wale wale uliowatisha. Mbebe huyu mtoto, uwajibu: katoka wapi?