Kumsomea Mama Barua za Kizuizini

Mimi ni mtu wa wasiwasi. Simu ikilia alfajiri, huwa nimeshazika mtu kichwani kabla sijaipokea. Kwa hiyo daktari wa macho aliposema Mama hatapasuliwa mpaka presha ishuke, nilikosa raha kabisa. Tulikuwa tumemtoa kijijini Siakago tukamleta kwangu, mtaa wa Dallas, hapa mjini Embu, ili awe karibu na hospitali. Muuguzi aliyempima alinivuta kando.

"Presha ya shosho iko juu sana. Mrudishe Jumatatu ile ingine. Na asishtuliwe na kitu, sawa?"

Sasa mtu asiyeona atatulizwa na nini? Televisheni inamchosha, redio anaigombeza. Nikachukua riwaya niliyokuwa nikiisoma mwenyewe, riwaya ya wakati wa Hali ya Hatari, Mwingereza alipokuwa akipigana na Mau Mau, yote barua tupu: mwanamume aliyefungwa kizuizini na mkewe aliyebaki kijijini, amezungukwa na mtaro na miba. Niliipenda mno, hata ofisini chai ilikuwa inapoa mbele yangu. Imeandikwa kwa Kiswahili. Mama nikawa namsomea kwa Kimbeere, lugha yetu, nikitafsiri papo hapo.

Alinogewa kuliko mimi. Kila jioni, sahani zikitolewa tu, ananiuliza kama posta imefika. Kabla sijafungua jibu la mke, yeye hujibu kwanza: "Mwambie yule mbuzi mwekundu amezaa. Mwambie asilale na nguo mbichi." Penye mistari iliyofutwa na maafisa wa kambi, kitabu kimechapwa wino mweusi, na hapo Mama hunisimamisha ajaze mwenyewe. Mara nyingi alijaza matusi ya kumtukana Mzungu. Tulicheka sana. Nilihisi hata presha inashuka, nikajisifu kimoyomoyo.

Kisha jirani mmoja, mama wa kanisani aliyekuwa akija kumwombea, akaniuliza mlangoni:

"Huyo mtu wenu wa kizuizini ashaachiliwa? Mama yako ametuambia tumuweke kwa maombi. Kikundi yote inaomba."

Nilicheka, halafu kicheko kikanikauka. Kama amemfikisha kanisani, basi mtu huyu ni wake. Nikaenda chumbani nikafanya jambo nisilopenda kufanya na kitabu chochote: nikaruka kurasa mpaka mwisho. Mtu wetu anafia kambini.

Usingizi ukanihama. Kichwani nilimwona Mama akianguka kitini. Niliwaona ndugu zangu wakiniuliza ni kitabu gani hicho cha kumuua mzazi. Nikakificha, nikamwambia nimekisahau ofisini. Alipochoka kungoja aliniuliza kama ofisi imeungua. Mwishowe nikaamua: haoni, mimi ndiye macho yake, mwisho nitautunga mwenyewe.

Jumapili alasiri nikakaa karibu naye, nikafungua ukurasa wowote, nikaanza. "Mke wangu, furahi, wameniachilia, nakuja nyumbani..."

Mama akainua mkono. "Hiyo si barua yake."

"Ni yake, Mama."

"Mtu wa kwetu aanze barua bila salamu? Hajauliza kama mke ni mzima, hajauliza watoto, hajauliza mvua. Hata akiwa anakufa, mvua angeuliza."

Kweli, kila barua ya yule bwana ilimaliza nusu ukurasa kwa salamu, nami kwa haraka ya kumwokoa nilizisahau.

"Amekufa," akasema Mama.

"Mama, presha..."

"Niachie presha yangu." Mimi ni mtoto wake wa pili wa kiume, ndiyo maana, kwa desturi yetu, nilipewa jina la baba yake, na tangu nizaliwe ameniita Baba. "Baba, nisikilize. Baba yangu alichukuliwa nikiwa mdogo, sifiki hata kiunoni mwa mama yangu. Hakuandika. Hakuna aliyekuja kutuambia. Mama aliendelea kumwekea chakula mpaka alipozeeka. Huyu mke wa kitabuni ameambiwa?"

Kwamba babu alipotea wakati ule, nyumbani tunajua sote. Habari ya chakula ndiyo nilikuwa naisikia siku hiyo.

"Ameambiwa," nikajibu. "Ameandikiwa na mfungwa mwenzake."

"Basi soma. Usiruke kitu."

Nikasoma. Mfungwa mwenzake anaanza kwa salamu nyingi, kisha anaeleza homa, na maneno ya mwisho, na mahali walipomzika, chini ya kilima, wakapanga mawe juu kwa sababu ardhi ilikuwa ngumu. Hapo Mama akanirudisha.

"Walimfunika?"

"Walimfunika."

"Wenzake?"

"Wenzake, Mama."

Akaanza kulia, kwa sauti, kilio cha mtu aliyefiwa siku hiyo hiyo. Nilimshika mkono, kidole kwenye mshipa, nikijaribu kusikia kama moyo unakwenda mbio. Hospitali ilikuwa kesho yake, na sijawahi kuogopa namna ile. Lakini alikuwa akimlilia baba yake, baada ya miaka yote hiyo, na sikuweza kumwambia anyamaze.