Makovu Mezani kwa Candida

Candida haamini karatasi mpaka aliyeitoa aulizwe. Alipochumbiwa na Benedict, alimwandikia paroko wa kwao Rombo kuuliza kama kweli kijana huyo alibatizwa. Alikuwa amebatizwa, wakaoana, na hadi leo wanaelewana vizuri tu. Sasa mtu wa namna hiyo utampa kazi gani? Hospitali moja binafsi ya Upanga ilimpa inayomfaa: kuhakiki vyeti vya madaktari bingwa. Huna uthibitisho, hushiki kisu. Na uthibitisho hauletwi na daktari mwenyewe. Unatoka chuo kilichompa ubingwa, moja kwa moja hadi kwa Candida.

Mwaka huu zamu ya kuhakikiwa upya ilimfikia Daktari Mihir, aliyepasua watu miaka ishirini na sita. Candida akakiandikia chuo chake cha ng'ambo. Kimya. Akaandika tena. Kimya. Jumanne akalifuta jina la Mihir kwenye orodha ya chumba cha upasuaji, na upasuaji wa henia ya Eliakimu, mjomba wake Candida, uliopangwa Alhamisi, ukafutika nalo.

Mjomba Eliakimu anauza ndoo na mabeseni kwa jumla Kariakoo. Henia imemtesa mwaka mzima, na ameapa: bila Mihir, hapasuliwi. Tena Kariakoo mtu akitilia shaka bidhaa haombi karatasi. Anawaita waliokwisha kuinunua. Jumatano asubuhi akaingia ofisini na wafanyabiashara saba nyuma yake.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Umemfungia daktari wangu duka? Haya, mashahidi hawa. Idrisa, anza."

Idrisa wa vitenge akapandisha shati. "Kidole tumbo, huu mwaka wa kumi na nne. Piga picha, dada, usione haya."

"Kovu si cheti, kaka."

"Cheti kinaweza kuungua. Hili mpaka niungue mimi!"

Bi Falguni wa viungo akakataa kufunua sari. "Mimi mawe ya nyongo. Neno langu linatosha. Nimeuza iliki miaka arobaini, hakuna aliyewahi kupima mara ya pili."

Kanuni inamtaka Candida aandike kila kinacholetwa kwa ajili ya faili. Basi akachukua rula, akaandika: kovu la kwanza, sentimita sita, limenyooka. La pili, halikuonyeshwa. Alipofika la tano, la Abdulhamid wa mapazia, Daktari Mihir alikuwa anapita koridoni. Akaona umati, akaingia, akavaa miwani, akainama.

"Mshono huu si wangu."

"Daktari, umenisahau tu."

"Uso nasahau, bwana. Mshono sisahau. Aliyekushona alikuwa na haraka."

Abdulhamid akashusha shati taratibu. "Mimi nilipasuliwa Morogoro. Nimekuja kuwaongezea wenzangu idadi."

Wote wakaangua kicheko, isipokuwa Eliakimu. Alikaa kitini kama mtu aliyeuziwa ndoo yenye tundu. "Kumbe hata kovu linaghushiwa! Candida, usisaini kitu. Chuo kijibu kwanza."

Alhamisi alfajiri chuo kikajibu, na kuomba radhi: Mihir ni wao, bingwa halali. Candida akalirudisha jina kwenye orodha, akakimbilia wodini, alikokuwa amelazwa mjomba, aliyegoma kurudi nyumbani tangu Jumatano, akisubiri jibu na tumbo tupu. Eliakimu akaisoma barua mara mbili, akaigeuza akatazama nyuma.

"Na hicho chuo, nani amekihakiki?"

Miaka kumi na moja kazini, Candida hajawahi kuulizwa hilo. "Serikali ya kule, mjomba."

"Umeiuliza?"

"Mjomba, daktari ameshanawa mikono!"

"Amenawa, sawa. Serikali umei—" Kikohozi kikamkatiza. Akashika kinena, macho yakamtoka. "Basi, basi, nipelekeni! Lakini nikizinduka nataka jibu."

Wakamsukuma mpaka ndani, milango ikafungwa. Candida alibaki koridoni, simu sikioni, akiomba kuunganishwa na serikali.